Mwalimu wa ziada wa kompyuta: Mambo ambayo mzazi anafaa kuzingatia

WAZAZI wengi hawatatiziki sana wanapomtafutia mtoto mwalimu wa ziada wa Hisabati au Kemia. Wao wenyewe walisoma masomo hayo, na angalau wanaweza kumtambua anayeyafahamu. Mambo hubadilika somo linapokuwa la kompyuta. Mzazi ambaye hakuwahi kuketi mbele ya tarakilishi siku zake za shule hana kipimo cha kumpimia kijana anayebisha mlangoni akidai kuwa mtaalamu.

Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wazazi humwajiri fundi hodari wa kurekebisha tarakilishi wakidhani kuwa atafundisha programu, ilhali wengine humlipa mtu amfanyie mwanafunzi mradi wa mtihani wakiamini kuwa wamemsaidia.

Mwalimu asiyejua somo ni hasara, lakini hutambulika mapema. Wa kuogopewa zaidi ni yule anayelijua sana, kisha akaifanya kazi yote mwenyewe huku mwanafunzi akitazama. Mwanafunzi wa aina hiyo huingia katika chumba cha mtihani akiwa na kumbukumbu ya vidole vya mtu mwingine.

Hatua zifuatazo zinaweza kumsaidia mzazi kufanya uteuzi wa busara, hata ikiwa hajui kuwasha tarakilishi.

Ujue mtaala na mtihani

Jambo la kwanza ni kutambua mtoto anasomea mtaala upi. Waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka wa 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, na wamepangiwa kufanya mtihani wa mwisho wa KCSE mwaka wa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nao waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na kwao somo la kompyuta ni la kuchagua katika mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM).

Kwa hivyo, mwalimu anayetegemea madaftari yake ya zamani hatamfaa mwanafunzi wa shule ya upili ya juu. Anafaa kuwa na mwongozo wa somo uliotolewa na Taasisi ya Kukuza Mitaala Nchini (KICD), na aweze kuonyesha ni sehemu gani anayofundisha.

Kwa mtahiniwa wa KCSE, somo la kompyuta, ambalo nambari yake ni 451, hutahiniwa kwa karatasi tatu. Kila moja inahitaji ustadi wake, na mwalimu anayeimudu moja si lazima azimudu zote.

Karatasi ya Kwanza ni ya nadharia na huchukua saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza huwa na maswali mafupi yenye jumla ya alama 40, na ya pili huwa na maswali marefu yenye alama 60. Katika sehemu hiyo ya pili, swali la 16 ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua matatu mengine.

Karatasi ya Pili ni ya vitendo, nayo pia huchukua saa mbili na nusu. Mtahiniwa huketi mbele ya tarakilishi na kujibu maswali mawili, ambayo mara nyingi huhusu lahajedwali, hifadhidata au uandaaji wa machapisho. Kazi yake huhifadhiwa kwenye diski na kuchapishwa kwenye karatasi.

Karatasi ya Tatu ni mradi. Mwanafunzi hupewa tatizo la kutatua, kisha kwa miezi kadhaa hulichunguza, husanifu mfumo wa tarakilishi wa kulitatua, huujenga, huujaribu na kuuandikia maelezo. Karatasi hii haina usiku wa kuamkia mtihani. Aliyelala miezi yote hawezi kuamka siku ya mwisho akaokoka.

Fauka ya hayo, tangu KCSE ya 2023 alama ya jumla hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa alifanya vyema zaidi. Kompyuta inaweza kuwa mojawapo ya hayo matano, kwa hivyo kuporomoka au kuimarika kwake kunaweza kuamua kozi atakayosomea chuoni.

Tambua anapokwama mtoto

Kabla ya kumtafuta mwalimu, mzazi anafaa kujua ni wapi hasa mtoto anapokwama. Kusema kuwa "hajui kompyuta" hakutoshi. Njia rahisi ni kuchukua karatasi za mitihani ya shule za mihula miwili iliyopita na kutazama alama zilipopotea.

Kuna wanafunzi wanaokwama katika nadharia, hasa mada za kidato cha tatu kuhusu jinsi tarakilishi inavyowakilisha data. Mwanafunzi huombwa abadilishe nambari 45 iwe katika mfumo wa 0 na 1. Anayeelewa hugawanya kwa mbili mara kwa mara, huandika mabaki, kisha huyasoma kutoka chini hadi juu na kupata 101101. Anayekariri husahau mwelekeo wa kusoma. Tatizo hili hutibiwa kwa karatasi na kalamu, na halihitaji mtaalamu wa ughali wowote.

Kundi la pili ni la wale wanaoshindwa na uandishi wa programu. Hawa wanaweza kusoma programu iliyoandikwa na kusema inafanya nini, lakini wakiambiwa waandike yao wanaduwaa. Tuseme swali linataka programu inayopokea alama za wanafunzi kumi na kutoa wastani. Mmoja husahau kuanza na jumla ya sifuri, na mwingine hugawanya kwa kumi kila alama inapoingia badala ya kungoja zote ziingie. Makosa haya ni ya kufikiri, si ya kuchapa. Dawa yake ni kuchora hatua za suluhisho kwenye karatasi kabla ya kuigusa kibodi.

Kundi la tatu huwa na maarifa lakini halina mazoezi. Mfano mzuri ni lahajedwali. Mwanafunzi huandika kiwango cha kodi ya asilimia 16 katika kisanduku B1, kisha huandika fomula =A4*B1 ili kupata kodi ya bidhaa ya kwanza. Jibu linakuwa sahihi. Anapoinakili fomula hiyo kwa bidhaa zinazofuata, inageuka kuwa =A5*B2, na majibu yote yanaharibika kwa kuwa B2 haina kitu. Angeandika $B$1, kiwango kingebaki pale pale. Alama ndogo ya dola inaweza kumpotezea mtahiniwa alama nyingi, na ni mazoezi ya mara kwa mara tu yanayoifanya iwe mazoea.

Ikiwa shida ni mazoezi pekee, huenda mtoto hahitaji mwalimu hata kidogo. Anachohitaji ni tarakilishi, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na saa ya ukutani.

Pa kumtafuta

Wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa somo shuleni. Yeye ndiye anayeijua silabasi, anayemjua mtoto na anayesimamia mradi wake. Kumwomba afafanue alichokifundisha ni haki ya mwanafunzi, na haifai kulipiwa. Pia anaweza kusema ni mada gani ambayo haijafundishwa, ili mzazi asilipie kitu ambacho kitafunzwa muhula ujao.

Wa pili ni mwalimu wa somo hilo kutoka shule nyingine. Faida yake ni kwamba anaujua mtihani na namna unavyosahihishwa. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inahitaji walimu wawe wamesajiliwa na TSC, kwa hivyo si utovu wa adabu kumwomba aonyeshe nambari yake ya usajili.

Wa tatu ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea kompyuta. Huyu huwa karibu na kijana kwa umri, mara nyingi hutoza malipo nafuu, na uandishi wa programu huwa bado moto akilini mwake. Kasoro ni kwamba huenda akafundisha mambo ya chuo ambayo hayamo katika silabasi, au akatumia lugha ya programu ambayo shule ya mtoto haifundishi. Shule nyingi zimekuwa zikitumia Pascal au Visual Basic, ilhali vyuoni anatumia Java au Python. Mkataba wa kwanza naye uwe kwamba atafuata lugha ya shule.

Wa nne ni mwanafunzi mwenzake aliye mbele kidogo. Wazazi hulidharau hili, lakini mwanafunzi anayemweleza mwenzake jinsi ya kubadilisha nambari hunufaika kama anayeelezwa. Vijana wanne wa mtaa mmoja wakikutana mara moja kwa wiki, wanaweza kumaliza nadharia yote bila gharama, kisha wakachanga fedha za kumlipa mwalimu wa programu peke yake.

Anayefaa kuepukwa ni yule anayejinadi kwa kuahidi gredi ya A, anayedai kuwa na maswali ya mtihani, au anayesema kuwa ana "miradi tayari".

Kipindi cha majaribio

Cheti pekee hakitoshi. Ni vyema kumwomba mwalimu afundishe kipindi kimoja cha majaribio, mzazi akiwa karibu. Hahitaji kuelewa kinachosemwa. Anachohitaji ni kutazama mambo machache.

La kwanza, mikono ya nani iko kwenye kibodi? Mwalimu mzuri huketi kando na kumwachia mwanafunzi achape, akosee na arekebishe. Ikiwa baada ya nusu saa mwanafunzi hajagusa kitu, huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wala si mafunzo.

La pili, mwalimu hufanya nini kosa linapotokea? Tarakilishi inapokataa programu, hutoa ujumbe wa kueleza tatizo. Mwalimu asiye na subira hulirekebisha mwenyewe kwa sekunde mbili. Mwenye subira humwambia mwanafunzi ausome ujumbe huo kwa sauti, kisha humuuliza anadhani kosa liko wapi. Mtihanini hakutakuwa na mtu wa kumrekebishia.

La tatu, je, anaanza na karatasi? Swali la programu likitolewa, anayejua kufundisha huagiza hatua zichorwe au ziandikwe kwa maneno ya kawaida kwanza. Isitoshe, hatua hizo zenyewe hutahiniwa katika Karatasi ya Kwanza.

La nne, mzazi amuulize mwalimu mbele ya mtoto: "Utajuaje kwamba ameelewa?" Jibu zuri hutaja zoezi, muda na alama. Jibu la "nitaona tu" halitoshi.

Mwalimu akiondoka, mzazi amwombe mtoto amweleze alichojifunza kwa lugha ya nyumbani. Anayeelewa ataeleza hata kama mzazi haelewi neno moja moja. Anayebabaika huenda hakufundishwa kitu.

Mradi ni wa mwanafunzi

Karatasi ya Tatu ndiyo yenye vishawishi vikubwa zaidi. Kwa kuwa hufanywa kwa miezi mingi na kiasi chake hufanywa nje ya macho ya msimamizi, imezua biashara ya watu wanaowauzia wanafunzi miradi iliyokamilika, aghalabu katika saiba na katika makundi ya rununu.

Mzazi anayenunua mradi hujidanganya mara mbili. Kwanza, hilo ni udanganyifu wa mtihani, na Baraza la Kitaifa la Mitihani Nchini (Knec) lina mamlaka ya kufuta matokeo. Mradi mmoja ukiuzwa kwa wanafunzi watano, hata mwalimu wa shule atagundua kwamba watoto watano wana makosa yale yale katika kurasa zile zile.

Pili, mradi hufunza mengi yanayohitajika katika karatasi nyingine mbili. Mwanafunzi aliyejenga hifadhidata yake mwenyewe huiona ile ya Karatasi ya Pili kama kazi ya nyumbani. Aliyenunua huiona kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hii haina maana kwamba mwalimu wa ziada hawezi kusaidia. Mpaka ni huu: anaweza kufundisha mbinu kwa mfano mwingine, lakini asiuguse mradi wenyewe. Ikiwa mwanafunzi anajenga mfumo wa zahanati, mwalimu na afundishe kwa mfano wa maktaba.

Katika mfano huo wa maktaba, atamwonyesha kuwa jedwali la kwanza ni la wanachama, la pili ni la vitabu, na la tatu ni la ukopaji. Atamweleza kwamba jina na anwani ya mwanachama haviandikwi upya kila anapokopa kitabu. Katika jedwali la ukopaji huandikwa nambari yake tu, na nambari hiyo ndiyo inayoliunganisha jedwali hilo na lile la wanachama. Mwanachama akihama, anwani hubadilishwa mahali pamoja tu. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataweza kuunda majedwali ya wagonjwa, madaktari na matibabu bila kushikwa mkono.

Mzazi anaweza kuhakikisha kwa swali moja: "Jedwali hili ni la nini, na kwa nini hukuliunganisha na lile jingine likawa moja?" Mwenye mradi atajibu. Mwenye mradi wa kununuliwa atatazama dari.

Vifaa vya mazoezi

Uandishi wa programu na hifadhidata haujifunzwi kwa kutazama. Nyumba isiyo na tarakilishi inaweza kukubaliana na mwalimu aje na yake, au mafunzo yafanyiwe mahali penye mashine, kama vile maktaba ya umma yenye huduma hiyo. Rununu husaidia kusoma madaftari na kujaribu programu fupi, lakini haitoshi kwa mazoezi ya Karatasi ya Pili.

Tarakilishi kuukuu haina ubaya. LibreOffice, ambayo ina lahajedwali na hifadhidata, hupatikana bila malipo, sawa na Python na Free Pascal. Hata hivyo, ikiwa maabara ya shule hutumia Microsoft Excel na Access, mwanafunzi sharti apate nafasi ya kuzizoea kabla ya mtihani, kwa kuwa vitufe na majina ya amri hutofautiana.

Aidha, mwalimu na ampe mwanafunzi mazoea ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache na kuweka nakala ya pili kwenye diski nyingine. Umeme hukatika bila kubisha hodi, na kazi ya mwezi mzima hupotea kwa sekunde moja.

Sheria na usalama

Wanafunzi wengi wa shule za upili husomea katika shule za bweni, na muda wanaopatikana nyumbani ni likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hapa mzazi anafaa kuwa mwangalifu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza wanafunzi kutwikwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Kwa hivyo, vituo vinavyokusanya wanafunzi na kuwatoza ada wakati wa likizo ni vya kuepukwa. Mwenye shaka aulize katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo yake. Hata pale nyumbani, saa mbili mara mbili kwa wiki zinatosha. Mtoto anahitaji kupumzika, kusaidia kazi za nyumbani na kuwa na jamaa zake.

Kuhusu usalama, mafunzo yafanyiwe sebuleni au mahali pa wazi, mtu mzima wa familia akiwepo. Mwalimu mgeni anaweza kuombwa cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), pamoja na majina ya wazazi wawili aliowahi kuwafanyia kazi. Ikiwa mafunzo ni kwa njia ya intaneti, mawasiliano yapitie kwa rununu ya mzazi, na mtoto asimpe mwalimu nywila zake. Mtoto anayenyanyaswa, au anayemshuku mtu, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116.

Malipo na maendeleo

Ni busara kuandika makubaliano, japo kwa ukurasa mmoja: mada zitakazofunzwa, idadi ya vipindi, malipo ya kila kipindi na kitakachofanyika mmoja asipofika. Kulipa muhula mzima kabla ya kipindi cha kwanza ni kujifunga mikono.

Baada ya vipindi vinne hivi, mwanafunzi apewe karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita aifanye kwa saa mbili na nusu kamili, bila mwalimu chumbani. Ripoti ambazo Knec huchapisha kuhusu utendaji wa watahiniwa hueleza makosa yaliyojirudia, na mwalimu makini huzitumia kuteua mazoezi. Alama zisiposonga baada ya majaribio mawili, mzazi asione haya kumbadilisha.

Mafunzo yenyewe yaanze mapema, mada za programu na data zinapoingia katika kidato cha tatu. Anayeletewa mwalimu wiki tatu kabla ya KCSE atakariri tu. Wakati uo huo, kompyuta isimeze muda wa Hisabati na Fizikia, kwa sababu anayetamani kusomea sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu atatazamwa sana kwa masomo hayo.

Hatimaye, mwalimu wa ziada anayestahili malipo ni yule anayefanya kazi ili asihitajike tena. Siku mwanafunzi atakapofungua tarakilishi peke yake, akosee, ausome ujumbe wa kosa na kulirekebisha bila kumpigia mtu simu, mzazi ajue kwamba fedha zake hazikupotea.